Kiingereza cha Rubani Si Pambo la Kujivunia

Wako watu, na baadhi yao wamekalia viti vikubwa vya ofisi, ambao kila yanapozuka mazungumzo juu ya lugha ya kufundishia hukimbilia mfano mmoja tu, ule wa rubani. Huuliza, tena kwa sauti ya mtu aliyekwisha maliza ubishi: "Je, ndege nayo itaongozwa kwa Kiswahili?" Baada ya hapo hucheka, na wanaowasikiliza hucheka pia, na shauri huhesabiwa kuwa limekwisha. Kutokana na kicheko hicho hutolewa hukumu kwamba maadam rubani husema Kiingereza, basi mtoto wa kidato cha kwanza hana budi kufundishwa mzunguko wa damu kwa Kiingereza, na karani asiyejieleza kwa Kiingereza hana elimu.

Hoja hii imeachwa itembee kwa muda mrefu bila ya kuulizwa habari zake. Yafaa iulizwe. Maana hao wanaomtaja rubani hawakujishughulisha hata siku moja kutazama Kiingereza chake ni kitu gani, hufundishwaje, kimesababisha vifo vya watu wangapi kilipotumiwa vibaya, na aliyekitumia vibaya alikuwa nani. Wangalitazama, wangaliona kwamba mfano wao unawageukia wenyewe.

Kwanza, kanuni yenyewe. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, lililozaliwa na Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 na lenye makao yake Montreal, Kanada, linaagiza kwamba mazungumzo ya redio baina ya ndege na ardhi yafanywe ama kwa lugha inayotumiwa kwa kawaida na kituo cha ardhini, ama kwa Kiingereza. Kwa miaka mingi agizo hilo halikuwa na kipimo. Kila nchi ilijipimia. Kisha tarehe 12 Novemba 1996 ndege mbili, moja ya Saudi Arabia na nyingine ya Kazakhstan, ziligongana angani karibu na Delhi, India, juu ya Charkhi Dadri, wakafa watu 349, wote waliokuwamo. Ndege ya Kazakhstan ilikuwa imeshuka chini ya kimo ilichopewa, na wachunguzi walitaja, miongoni mwa mambo yaliyochangia, upungufu wa Kiingereza wa marubani wake, ambao walimtegemea mtu wa redio kuwafasiria yanayosemwa. Mwaka 1998 mkutano mkuu wa Shirika hilo uliagiza suala la lugha litazamwe upya. Mwezi Machi 2003 kanuni mpya zikapitishwa, zikaanza kutumika tarehe 5 Machi 2008, na nchi zilizochelewa zikapewa muda hadi Machi 2011.

Tangu hapo rubani wa safari za kimataifa na mwongoza ndege hupimwa kwa madaraja sita, na asiyefika la nne hapati kibali. Hupimwa matamshi, muundo wa sentensi, msamiati, ufasaha, ufahamu na majibizano. Aliye daraja la nne inapendekezwa apimwe tena kila miaka mitatu, wa daraja la tano kila miaka sita, na wa daraja la sita hapimwi tena maisha yake yote. Hapana shaka lilikuwa jambo la haki na la lazima. Roho za abiria si kitu cha kufanyiwa majaribio.

Lakini hapo ndipo ulipoingia upotofu. Kwa kuwa mtihani uliwekwa juu ya wasiozaliwa na Kiingereza, ikadhaniwa kwamba hatari yote inatoka kwao. Orodha ya ajali haisemi hivyo.

Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa Los Rodeos, kisiwani Tenerife, ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747, moja ya KLM ya Uholanzi na nyingine ya Pan American ya Marekani, ziligongana juu ya njia ya kurukia. Walikufa watu 583, na hadi leo haijatokea ajali ya ndege iliyoua wengi kuliko hiyo. Zote mbili hazikukusudia kutua hapo; zilielekezwa huko kwa sababu bomu lilikuwa limelipuka katika uwanja wa kisiwa cha jirani, Gran Canaria. Ukungu ulitanda. Mnara haukuziona ndege, wala ndege hazikuonana. Rubani msaidizi wa KLM alipomaliza kurejea maelezo ya safari waliyopewa, aliongeza maneno machache ya Kiingereza ambayo kwake yeye yalimaanisha kwamba ndege imeanza kwenda, na kwa Mhispania aliyekuwa mnarani yalimaanisha kwamba ndege iko mahali pake, inangoja ruhusa. Mwongoza ndege akaitikia "OK". Alipoendelea kumwambia angoje, rubani wa Pan American naye alikuwa akitangaza kwamba bado yumo njiani. Sauti mbili zikapandana, ukasikika mlio tu.

Hayo ni mashuhuri. Lisilotajwa mara nyingi ni lile lililofuata ndani ya chumba cha marubani wa KLM. Mhandisi wa ndege aliuliza, kwa Kiholanzi, lugha ya mama yake, kama ile ndege nyingine haijatoka njiani. Kapteni, ambaye alikuwa mkufunzi mkuu wa marubani wa 747 katika shirika lake, alijibu kwa mkazo kwamba imetoka. Mhandisi akanyamaza. Hapo Kiingereza hakikuwa na kosa lolote. Alikuwako mkubwa mwenye hakika, na mdogo aliyeona haya kuuliza mara ya pili.

Tarehe 25 Januari 1990 ndege ya Avianca kutoka Bogotá na Medellín, Kolombia, ilifika karibu na New York katika hali mbaya ya hewa, ikazungushwa angani mara tatu kwa zaidi ya saa nzima. Mafuta yakawa yanakwisha. Kapteni alimwagiza rubani msaidizi, kwa Kihispania, awaambie walio ardhini kwamba wamo hatarini. Rubani msaidizi aliwaambia kwamba wanaishiwa mafuta, na kabla ya hapo liliombwa lile neno la Kiingereza lenye maana ya kupewa kipaumbele. Bali neno la hatari lenyewe, au ule mwito wa "Mayday" unaotambuliwa na dunia nzima, halikutamkwa. Kapteni alipouliza kama amekwisha sema, akajibiwa kwa adabu kwamba tayari. Ndege ikaanguka Cove Neck, Long Island, ikaua watu 73 kati ya 158. Rubani msaidizi huyo alikuwa akizungumza Kiingereza na waongoza ndege muda wote wa safari. Sentensi zake zilikuwa na sarufi ya kutosha. Kilichopungua ni neno moja, na uthubutu wa kulitamka mbele ya watu wenye haraka waliokuwa wakisema upesi upesi lugha yao wenyewe. Nao wale wenye lugha, waliposikia habari ya mafuta, hawakuuliza: je, mmo hatarini? Swali fupi kama hilo lingetosha.

Sasa itazamwe ajali ambayo wapenzi wa Kiingereza hawaitaji kamwe. Tarehe 19 Februari 1989 ndege ya mizigo ya Flying Tiger, yenye watu wanne, ilikuwa ikikaribia Kuala Lumpur, Malaysia. Mwongoza ndege alitaka ishuke hadi futi 2,400. Akazitamka tarakimu moja moja: mbili, nne, sifuri, sifuri. Kwa Kiingereza mbili ni "two", na "to", yaani hadi, husikika vile vile. Marubani wakasikia kwamba washuke hadi nne sifuri sifuri. Wakajibu hivyo, mnara haukuwasahihisha, na ndege ikajibamiza kilimani. Wote wanne wakafa. Ndege ilikuwa ya Marekani, na Wamarekani hao hawakuwa na haja ya mwalimu wa Kiingereza. Walijua lugha hiyo kiasi cha kutoona haja ya kuuliza.

Basi iko wapi ile hoja kwamba anayekijua Kiingereza sana ndiye mtaalamu? Hata maneno sanifu ya redio, yaliyokubaliwa na mataifa, mwenye lugha ameyachelewesha kuliko mgeni. Hadi mwishoni mwa Septemba 2010 waongoza ndege wa Marekani walikuwa wakimwagiza rubani aingie njia ya kurukia na kungoja kwa usemi wao wenyewe, uliokuwa tofauti na ule wa kimataifa. Rubani wa Kijapani au wa Kihabeshi aliyejifunza kwa jasho usemi mmoja, akifika New York alikutana na mwingine. Mgeni alitahiniwa, mwenyeji aliachwa aseme apendavyo. Na kwa kuwa mzaliwa wa Kiingereza kwa kawaida huhesabiwa daraja la sita, hapana atakayemwita tena kumpima kama anasema pole pole, kama anaacha misemo ya mtaani, kama anarejea agizo kamili. Miongozo ya Shirika inamtaka afanye hayo yote. Kinachokosekana ni wa kumkagua.

Hapa walimu wa Kiingereza wanastahili kuambiwa habari moja ambayo yawezekana itawashangaza wengi wao. Kanuni za redio zimeandika namna ya kutamka tarakimu. Tatu hutamkwa "tree", tano hutamkwa "fife", elfu hutamkwa "tousand". Ile sauti ya ncha ya ulimi kati ya meno, ambayo kwa ajili yake watoto wengi wamesimamishwa mbele ya darasa na kuchekwa na wenzao, wataalamu wa anga waliiondoa kwa makusudi katika namba, kwa kuwa hupotea katika kelele za redio na mataifa mengi hawanayo. Mtoto aliyesema "tri" akachekwa, alikuwa karibu zaidi na kanuni ya anga kuliko mwalimu aliyemcheka.

Kadhalika ile alfabeti ya Alfa, Bravo, Charlie, iliyoanza kutumika mwaka 1956, haikuchukuliwa tu kutoka vinywani mwa Waingereza. Maneno yake yalijaribiwa kwa wasemaji wa Kiingereza, Kifaransa na Kihispania, na yaliyoleta utata yakatupwa. Alfa huandikwa kwa f ili asiyejua tahajia ya Kiingereza asikosee. Juliett imeongezwa t ya pili ili Mfaransa asiimeze. Huo ndio Kiingereza cha angani: lugha iliyopunguzwa, ikanyoshwa, ikafinyangwa upya ili wengi waielewe. Vitabu vya mafundi nao vimepita njia hiyo hiyo. Tangu miaka ya 1980 watengenezaji wa ndege wa Ulaya waliweka Kiingereza rahisi cha maandishi ya ufundi, chenye maneno mia tisa hivi yaliyoidhinishwa, kila neno na maana moja, na sentensi ya maagizo isizidi maneno ishirini. Walifanya hivyo kwa sababu fundi aliyelala chini ya injini usiku hana nafasi ya kufumbua mafumbo. Ingekuwa heri kama baadhi ya nyaraka za ofisini, za Kiingereza na za Kiswahili pia, zingeonja adabu hiyo.

Wako watakaosema kwamba ikiwa ni hivyo, basi Kiingereza kiondolewe redioni na kila taifa liongee lake. Hilo nalo si shauri jema, na halina budi kusemwa waziwazi hata kama litawaudhi wapenzi wa lugha za nyumbani. Ni kweli kwamba huko Quebec, Kanada, marubani na waongoza ndege wenye kusema Kifaransa walipigania haki ya kuongea Kifaransa, marubani wakagoma mwaka 1976 kuipinga, na tume iliyochunguza ikaona mwaka 1979 kwamba lugha mbili zaweza kutumika kwa usalama. Lakini tarehe 25 Mei 2000, katika uwanja wa Charles de Gaulle, Paris, mwongoza ndege aliiruhusu kwa Kifaransa ndege moja iruke, kisha akaiambia kwa Kiingereza ndege ndogo ya Waingereza ijipange njiani. Waingereza hao hawakujua kwamba njia hiyo hiyo imekwisha tolewa kwa mwenziwe. Ubawa wa ndege kubwa ulipita katika chumba chao, ukamuua rubani msaidizi. Redio ni baraza la wote. Anayesikiliza hujilinda kwa kusikia wanayoambiwa wengine. Juu ya Dar es Salaam, Nairobi na Entebbe hupita ndege za Wahabeshi, Waarabu, Waturuki na Wazungu. Rubani na mwongoza ndege waliolelewa wote wawili kwa Kiswahili hutumia Kiingereza redioni kwa ajili ya huyo wa tatu anayewasikiliza. Hiyo ni sababu nzuri, ya heshima, na inatosha. Haihitaji kuongezewa uongo kwamba Kiingereza ndicho kinachoinua ndege.

Maana ndege huinuliwa na hewa ipitayo juu na chini ya ubawa, na jambo hilo laweza kuelezwa kwa lugha yoyote. Brazili ilianzisha chuo chake cha ufundi wa anga mwaka 1950 na kampuni ya Embraer mwaka 1969. Wahandisi wake walisoma hesabu na fizikia kwa Kireno, na leo ndege walizozitengeneza huruka katika anga za Marekani na Ulaya. Wafaransa wa Toulouse hawakungoja kufundishwa fizikia kwa Kiingereza ndipo waunde ndege. Mataifa hayo hujifunza kwanza jambo lenyewe kwa lugha wanayoielewa, kisha hujifunza Kiingereza cha kazi kwa bidii, kama mtu ajifunzavyo kutumia chombo. Nchini Tanzania kijana huingia sekondari akitoka katika shule ya msingi aliyosoma kwa Kiswahili, akapewa siku moja masomo yote kwa Kiingereza, na kwa kuwa hayaelewi, huyakariri. Kisha hushangaza wakubwa kwamba hajui Kiingereza wala fizikia.

Athari ya kukariri haiishii darasani. Kijana huyo akichaguliwa kwenda chuo cha usafiri wa anga, huja na tabia aliyojengewa kwa miaka minne au sita: akiulizwa kama ameelewa, hujibu "Yes, sir". Hujibu hivyo akiwa ameelewa, na hujibu hivyo hivyo akiwa hakuelewa, maana amekwisha ona yanayompata asemaye kwamba hakuelewa. Sasa afikiriwe akiwa mnarani au nyuma ya usukani. Redioni kuna neno "Roger". Maana yake ni kwamba ujumbe umepokewa, basi. Si ndiyo wala si ahadi, na halitoshi pale agizo linapotakiwa kurejewa neno kwa neno: kimo, njia ya kurukia, ruhusa ya kuvuka. Lakini kwa aliyelelewa katika "Yes, sir", "Roger" huwa mto laini wa kulalia. Hujibu "Roger", na aliyesema huamini ameeleweka.

Ndiyo maana mafunzo ya Kiingereza kwa watu wa anga hayawezi kukabidhiwa mtu yeyote mwenye shahada ya fasihi, akaendelea na Shakespeare pale alipokomea. Wala hayawezi kukabidhiwa kijitabu cha maswali na majibu cha kukaririwa wiki mbili kabla ya mtihani. Maneno sanifu hutosha siku ambazo hakuna lililoharibika. Siku moshi unapoingia ndani ya ndege, abiria anapozimia, ndege wa porini wanapoingia injini, maneno sanifu hayatoshi, na hapo ndipo kile Kiingereza cha kawaida cha daraja la nne kinapohitajika. Mwalimu wa kazi hii hana budi akae mnarani asikilize, apande ndege ya mafunzo, awafungie wanafunzi kinasa sauti chenye makelele na lafudhi za Kihindi, Kichina na Kimarekani, awape habari wasizozitarajia, na arudie tofauti ya "fifteen" na "fifty" mpaka wachoke. Naye awe na mtaalamu wa anga kando yake, kwa kuwa mmoja anajua lugha na mwingine anajua kazi. Hilo linahitaji fedha na vipindi, na ni juu ya wanaopanga bajeti za vyuo kuacha kulihesabu somo hilo kuwa nyongeza ya jioni.

Zaidi ya yote afundishe kuuliza. Kwa wanafunzi wengi haya mawili, "Say again", ndiyo maneno magumu kuliko yote, ijapokuwa kila mtoto aweza kuyatamka. Afundishe kumwambia kapteni mwenye mvi kwamba hakusikia vizuri. Afundishe kumwambia Mmarekani mwenye haraka aseme pole pole. Katika kipimo cha kimataifa, sehemu ya majibizano, mtu wa daraja la nne hupewa haki yake kwa kuweza kuhakikisha, kuthibitisha au kuomba ufafanuzi pale inapoonekana kwamba hawakuelewana. Yaani anayeuliza hupata alama. Walimu wa sekondari na wakaguzi wao wangefanya vyema kuitazama mitihani yao ya Kiingereza ya mwaka huu, wahesabu ni maswali mangapi yanampa mwanafunzi alama kwa kusema kwamba hakuelewa, arudiwe.